Safari ya Miguu Huanza Nyumbani

Somo kwa wanaojiandaa kwenda Namugongo, na kwa wanaobaki

Masomo: Luka 14:28–30; Kumbukumbu la Torati 8:4; Marko 6:7–9; Mathayo 5:23–24; 1 Samweli 30:21–25



Mwaka huu baadhi ya ndugu zetu wamekusudia kwenda Namugongo kwa miguu, wafike kabla ya tarehe 3 Juni, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda. Wamo vijana, na wamo wenye mvi kama sisi. Nyumbani kwetu pia maandalizi yamekuwa yakiendelea tangu mwanzo wa Kwaresima, na yale tutakayoyasema hapa tumeyafikiri huko huko: uani, jikoni, kibanjani, na njiani kwenda sokoni.

Jambo tunalotaka msomaji alishike ni moja. Wengi hudhani kwamba kujiandaa kwa safari ndefu ni kukusanya vitu. Sisi tunasema ni kupunguza na kutengeneza. Mtu hupunguza mzigo wa mgongoni, hulipa anachodaiwa, hupatana na jirani, na huiacha nyumba yake katika mikono inayofaa. Asiyefanya hivyo ataubeba mzigo wake hadi Namugongo, na atarudi nao.

1. Tunakwenda kwa ajili ya nani?

Kabla ya kuuliza habari ya viatu, yafaa tuulize habari ya wale tunaokwenda kuwakumbuka. Wakati wa Kabaka Mwanga wa Buganda, vijana watatu wa Kanisa letu waliuawa tarehe 31 Januari 1885: Makko Kakumba, Yusufu Rugarama na Nuwa Serwanga. Huyu Rugarama alikuwa mtoto wa Ankole aliyetekwa vitani na kupelekwa Buganda. Mahujaji wetu wakisha kuvuka mto Kagera pale Murongo watakuwa wameingia katika nchi yake ya kuzaliwa.

Baada ya hao waliuawa wengine wengi kati ya mwaka 1885 na 1887. Wanaokumbukwa kwa majina ni 45: Waanglikana 23 na Wakatoliki 22. Kundi kubwa lilichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Walikuwa wamehukumiwa Munyonyo, kando ya ziwa Viktoria, nao wakatembezwa wakiwa wamefungwa kamba. Wengine waliuawa njiani kabla ya kufika. Waliofika walingoja karibu juma zima, huku kuni zikikusanywa mbele ya macho yao.

Tufikiri jambo hili. Hakuna aliyewapa miezi miwili ya kujiandaa, wala hawakuulizwa wachukue nini na waache nini. Kile walichokuwa nacho siku ile ndicho walichokuwa wamekiweka moyoni mapema, katika siku za kawaida, walipokuwa wakijifunza kusoma Injili. Waganda wa siku zile waliwaita Wakristo "wasomaji", maana kusoma na kuamini vilikwenda pamoja. Basi, hata kwao, safari ile ilikuwa imeanza mapema, katika vyumba vya kujifunzia.

2. Kuhesabu njia (Luka 14:28–30)

Bwana alisema habari ya mtu atakaye kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama, asije akaweka msingi na kushindwa kumaliza. Sisi tuliofundisha hesabu kwa miaka mingi tumelipenda fungu hili siku zote. Hebu tuketi basi, tuhesabu.

Kutoka Omurushaka, kupitia Nkwenda, hadi Murongo ni zaidi ya kilomita 100. Kutoka Kikagati, ng'ambo ya mto, hadi Mbarara ni karibu kilomita 75. Kutoka Mbarara, kupitia Masaka, hadi Kampala ni karibu kilomita 270. Kutoka Kampala hadi Namugongo ni karibu kilomita 15. Jumla yake ni kama kilomita 460.

Mtu mwenye afya aweza kutembea kilomita 25 kwa siku, akirudia siku baada ya siku. Kwa mwendo huo atahitaji siku 19. Tuongeze Jumapili tatu za kupumzika na kusali, zitakuwa siku 22. Kwa hiyo anayetaka kufika tarehe 1 Juni hana budi kuondoka tarehe 11 Mei. Anayesema ataondoka tarehe 20 "kwa kuwa Mungu atasaidia" hajahesabu, na Mungu hakumtuma asihesabu.

Kisha kuna hesabu ya karatasi. Mto Kagera ni mpaka wa nchi. Kila mmoja awe na hati yake ya kusafiria, na awaulize maofisa wa Uhamiaji na wa afya mapema kinachotakiwa, pamoja na kadi za chanjo. Asingoje kuuliza akiwa amesimama darajani. Kuna pia hesabu ya fedha: chakula, malazi pale ambapo hakuna kanisa la kutupokea, na nauli ya kurudi. Ndiyo, nauli ya kurudi! Tumesikia mtu akiuliza mara kumi habari ya kwenda, wala asiulize hata mara moja atarudije.

3. Miguu (Kumbukumbu la Torati 8:4)

Musa alipowakumbusha Waisraeli neema za miaka arobaini ya jangwani, hakutaja mana tu. Alitaja pia kwamba mavazi yao hayakuchakaa wala miguu yao haikuvimba. Tumelisoma fungu hilo tangu utoto bila kulitilia maanani, lakini mwaka huu tumelielewa. Mtu aliyetembea kilomita 20 kwa siku mbili mfululizo anajua kwamba miguu isiyovimba ni jambo la kumshukuru Mungu.

Hapa Karagwe tunao ushuhuda wa zamani juu ya jambo hili. Mwezi wa Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Grant, walifika kwa Mukama Rumanyika, Bweranyange, wakiwa njiani kutafuta chimbuko la mto Nile. Rumanyika aliwakaribisha vizuri sana. Lakini mguu wa Grant ukaugua vibaya, asiweze kutembea. Mwezi wa Januari 1862 Speke aliendelea na safari kwenda Buganda, akamwacha mwenzake hapa. Grant alikaa mpaka mwezi wa Aprili, kisha akachukuliwa kwa machela. Alikuwa afisa wa jeshi, mtu wa nguvu, mwenye wapagazi na mali nyingi. Kiungo kimoja kilipokataa, vyote hivyo havikumsaidia kitu.

Basi, ndugu msafiri, itunze miguu yako tangu sasa. Usinunue viatu vipya juma la mwisho. Vaa vile ulivyovizoea, vilivyokwisha kuufuata mguu wako, na uwe navyo kwa muda wa majuma sita kabla ya kuondoka. Soksi ziwe kavu, na ziwepo za kubadilisha mchana. Kata kucha kwa kunyoosha, usizikate sana pembeni. Asubuhi paka mafuta ya mgando kati ya vidole na kisigino, yanapunguza msuguano. Ukisikia mahali panaunguza, simama hapo hapo, vua kiatu, bandika plasta. Usione haya kuwasimamisha wenzako. Lengelenge linaloshughulikiwa kwa dakika tano leo halitakuzuia siku tatu kesho.

Wengine watasema, "Sisi ni watu wa jembe, tunachota maji, tunapanda vilima kila siku, mazoezi ya nini?" Ni kweli kwamba jembe hutia nguvu mgongoni na mikononi. Lakini miguu yetu imezoea udongo. Kutoka Mbarara kwenda mbele ni lami tupu, nayo ni ngumu, na jua likiwaka hutoa joto chini ya nyayo. Nyumbani kwetu tulianza kwa kilomita 5, mara tatu kwa juma. Kisha siku moja ya juma ikawa ya mwendo mrefu: 10, halafu 15, halafu 20. Baadaye tukatembea 20 kwa siku mbili mfululizo, maana siku ya pili ndiyo inayomfundisha mtu. Juma la mwisho litakuwa la kupunguza, ili mwili upumzike. Tumejifunza pia kwamba kupanda kilima huchosha pumzi, bali kushuka huumiza magoti. Kwa hiyo fimbo ni kitu cha maana, hasa kwa sisi wenye umri.

Waliopita miaka 50 waende kwanza zahanati, wapimwe shinikizo la damu na sukari. Mwenye kutumia dawa za kila siku azichukue za kutosha siku zote za kwenda na kurudi. Na barabarani tembeeni upande wa kulia, mkiyatazama magari yanayokuja, maana Tanzania na Uganda magari hupita kushoto. Alfajiri na jioni vaeni nguo nyeupe.

4. Mzigo (Marko 6:7–9)

Bwana alipowatuma wale Thenashara wawili wawili, aliwaruhusu fimbo na viatu. Mkate, mkoba, fedha na kanzu ya pili aliwaambia waviache. Hatusemi kwamba msafiri wa leo aende bila shilingi. Lakini yafaa tuone kwamba Bwana aliona vema kuukagua mzigo wao kabla hawajaondoka.

Zamani Karagwe ilikuwa njiani kwa misafara kutoka Tabora kwenda Buganda, na wafanyabiashara wa Kiarabu walikuwa na kituo chao Kafuro. Mpagazi wa misafara ile alichukua karibu kilo 30 kichwani au begani. Alifanya hivyo kwa sababu ndiyo kazi iliyomlisha, na wengi iliwaua. Msafiri anayekwenda kusali hana sababu ya kujifanya mpagazi. Huko Hispania, ambako watu kwa mamia ya miaka wamekwenda kwa miguu hadi Santiago de Compostela, wenye uzoefu hushauri kwamba mzigo usipite sehemu moja ya kumi ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 60 asichukue zaidi ya kilo 6.

Tulipolijua hilo tulifunga mfuko wa safari nyumbani, tukaupeleka kupimwa kwenye mizani ya kupimia maharage. Ulikuwa kilo 11. Tukarudi, tukaumwaga wote juu ya mkeka, tukachukua kitu kimoja kimoja na kuuliza: hiki ni cha kutumia kila siku, au ni cha "huenda"? Vya "huenda" vilikuwa vingi ajabu. Sufuria, huenda tukakosa pa kupika. Blanketi la pili, huenda kukawa na baridi. Pea ya viatu vizuri vya sikukuu. Nguo tano. Kila kitu kilikuwa na sababu yake nzuri, na sababu zote zikijumlishwa zilikuwa kilo 5.

Vilivyobaki ni hivi: nguo mbili za kubadilisha na moja ya kanisani, sweta, shuka, kipande cha turubai jepesi cha kujikinga na mvua, soksi pea tatu, kandambili za jioni, chupa ya maji, karanga na mahindi ya kukaanga katika mfuko, sabuni, dawa, plasta na mafuta, simu ndogo ya tochi na chaji yake, hati za safari, na Agano Jipya dogo lenye Zaburi. Zaburi 120 mpaka 134 ndizo nyimbo za waliokuwa wakipanda kwenda Yerusalemu. Ni kumi na tano, nazo zafaa kusomwa moja kila siku ya mwendo.

Hatusemi pia kwamba kila kitu kinachopendwa ni ubatili. Mtume Paulo, akiwa kifungoni na mwisho wake u karibu, alimwomba Timotheo amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na vile vitabu (2 Timotheo 4:13). Hata mtu mkuu wa imani husikia baridi. La kujifunza ni kutambua tofauti kati ya joho na "huenda".

5. Deni na jirani (Mathayo 5:23–24)

Sasa tunafika mahali pagumu. Kahawa yetu huanza kuiva mwezi wa Mei, mwezi ule ule wa kuondoka. Na kabla ya kuiva, fedha nyumbani huwa hakuna. Hapo ndipo anapokuja mnunuzi wa butura.

Hakuna mtu wa mkoa huu asiyeijua butura. Mkulima humuuzia mwenye fedha kahawa ikiwa bado maua, au ikiwa mbichi mtini, kwa bei ndogo. Mavuno yakifika, kahawa yote ni ya yule aliyetoa fedha. Mkulima hubaki na kazi ya kuchuma, na mwaka mzima wa kutafuta karo. Serikali imeikataza mara nyingi, lakini haijakoma, kwa sababu shida nayo haijakoma.

Mwaka huu alikuja mtu kwetu, mtu mwenye adabu, akasema amesikia kuna safari ya kwenda kwa Mungu, naye angependa kusaidia. Angetoa fedha za safari yote siku ile ile, kwa kahawa ya upande wa juu wa kibanja. Tulimshukuru, tukamnywesha chai, tukamwambia hapana. Tunaeleza habari hii kwa sababu tunajua atafika, au amekwisha kufika, katika nyumba nyingine za wanaojiandaa. Ndugu, usiende Namugongo kwa fedha za butura! Utakuwa umewatoza watoto wako nauli ya ibada yako. Kama fedha hazitoshi mwaka huu, weka kidogo kidogo uende mwaka ujao. Njia haihami. Ama, kundi lenu lishike mfuko mmoja, kila mwezi kila mtu atie kiasi, kama kina mama wafanyavyo katika vikundi vyao.

Na lipo deni lisilo la fedha. Bwana alisema kwamba mtu akiwa mbele ya madhabahu na sadaka yake, akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka pale, aende kwanza akapatane. Angalieni mpango wa safari hiyo: mtu amekwisha kufika hekaluni, naye anaambiwa arudi nyumbani kwa miguu! Kwa Mgalilaya aliyekuwa Yerusalemu huo ni mwendo wa siku kadhaa. Basi ni nafuu kuwa tumelikumbuka jambo hilo tukiwa bado tuko nyumbani, ambako jirani yuko hatua mia kutoka mlangoni.

Katika vijiji vyetu neno hilo mara nyingi ni mpaka wa kibanja, mbuzi aliyekula maharage, au maneno yaliyosemwa msibani. Wazee wetu waliopata Uamsho ule ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, walijulikana kwa jambo hili. Walirudisha jembe la kuazima lililokaa miaka, walilipa mbuzi, walikwenda kwa adui zao mchana kweupe kuomba amani. Majirani wasiojua kusoma Biblia waliusoma wokovu huo kwa macho. Msafiri mmoja wa kundi letu amekwisha kwenda kwa jirani aliyekuwa hasemi naye kwa misimu mitatu. Hawakumaliza mambo yote, lakini walikubali kwamba wazee wa kitongoji waje wautazame mpaka kabla ya tarehe 11 Mei. Huyo, hata akivunjika mguu Kikagati, amekwisha kuhiji nusu ya njia.

6. Wanaobaki (1 Samweli 30:21–25)

Daudi alipowafuatia Waamaleki, watu 200 katika 600 walichoka wasiweze kuvuka kijito cha Besori. Wakabaki na vyombo. Wenzao waliporudi na nyara, wengine walikataa kugawana nao. Daudi akakata neno: fungu la ashukaye vitani na fungu la akaaye na vyombo yawe sawasawa. Akaifanya kuwa sheria katika Israeli.

Kila nyumba inayotoa msafiri ina mtu wa kukaa na vyombo. Nyumbani kwetu yupo mama yetu mzazi, ambaye amepita miaka 80 na haamki kitandani bila kushikwa. Tangu mwanzo tulijua kwamba wawili hatuwezi kuondoka pamoja. Tukaanza mazoezi wote wawili kwa zamu, mmoja akitembea asubuhi na mwingine jioni, bila kusema ni nani atakayekwenda. Kila mmoja alitaka kwenda, na kila mmoja aliogopa kulisema.

Siku moja tulikaa tukahesabu pia jambo hili. Katika miaka ya kazi sisi tulikwenda chuo cha ualimu, tulikwenda kozi, tulikwenda kusimamia mitihani, tulikwenda sinodi. Mama watoto ndiye aliyekaa na vyombo kila mara. Hajawahi kuuvuka mto Kagera, ingawa akiwa kilimani huiona Uganda kwa macho. Tulipomwambia kwamba mwaka huu atakwenda yeye, alinyamaza, kisha akauliza, "Na kahawa?" Tukamjibu kwamba kahawa inachumwa hata na walimu. Mama mzee akacheka huko ndani, akasema, "Mwache aende. Huyu mwalimu nilimlea mimi, na sasa ni zamu yake."

Basi sisi tunaoandika somo hili tutabaki. Mjukuu wetu wa kike atamwogesha bibi yake, na sisi tutapika, tutachuma, tutaanika, na kumpa mzee dawa zake saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Wala hatutaacha kutembea. Saa ile ile ya alfajiri ambayo kundi litakuwa likianza mwendo, tutakwenda mpaka mwisho wa kibanja na kurudi, tukiisoma Zaburi ile ile ya siku ile. Tumewaomba na wengine wanaobaki wafanye hivyo. Kanisa likiwaombea wasafiri Jumapili, na liwaombee pia kwa majina wale wanaokaa na vyombo, maana fungu lao ni moja.

Na ninyi mnaokwenda, msisahau kuhesabiana. Yusufu na Mariamu walitembea mwendo wa siku nzima wakidhani mtoto yumo katika msafara (Luka 2:44). Kila asubuhi, kila adhuhuri na kila jioni, mmoja wenu ataje majina yote na kila mtu aitike. Anayetembea polepole kuliko wote awekwe mbele, awe kipimo cha mwendo. Kundi linalomwacha dhaifu nyuma litafika Namugongo mapema, lakini halitakuwa limefika kama kanisa.

Maswali ya kuzungumza nyumbani na katika vikundi

1. Je, ni vitu gani vya "huenda" tunavyovibeba katika maisha yetu ya kila siku, hata tusiposafiri?

2. Katika kitongoji chetu butura inaumiza nani zaidi? Kanisa laweza kufanya nini ili mtu mwenye shida asilazimike kuuza kahawa ikiwa maua?

3. Kama ungeondoka kesho alfajiri, ni jirani gani ungehitaji kumwona leo jioni?

4. Nyumbani kwako nani amekaa na vyombo kwa miaka mingi kuliko wengine? Je, zamu yake ya kwenda imekwisha kufika?

Sala

Ee Bwana Mungu, uliyewaongoza watu wako jangwani na kuitunza miguu yao, uwe pamoja na ndugu zetu katika vilima vya Karagwe na Kyerwa, katika kuvuka mto, na katika barabara ndefu ya ugeni. Uwape watumishi wako wepesi wa mzigo na amani ya moyo. Uwakumbuke wagonjwa, wazee na wote wakaao na vyombo. Utujalie sisi sote, kama mashahidi wako wa Namugongo, tuwe tumekwisha kujifunza njia yako kabla ya siku ya kuondoka. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.